Usukani kwa Awamu

Ndugu zangu wa Morogoro hushtuka wakisikia kwamba hapa Minnesota mtoto wa miaka 15 hupewa kibali cha kujifunza udereva, na akitimiza 16 anaweza kuendesha gari peke yake. Binti yangu alipoanza kujifunza, dada yangu alinipigia simu. "Kaka, huko hakuna sheria?" Nilimwambia sheria zipo, tena zinabana, ila zinabana mahali pengine. Kwetu sheria imesimama mlangoni: utimize miaka 18, ukate lena, upite mtihani wa trafiki, upewe leseni. Ukishavuka mlango huo, hakuna anayekuuliza tena. Aliyepata leseni ya gari dogo Ijumaa anaweza Jumamosi usiku kujaza marafiki na kushika njia ya Tanga. Huku mlango hufunguliwa mapema, lakini anayeingia hapewi nyumba yote kwa siku moja.

Kijana wa hapa ana mafunzo ya lazima: saa 30 za darasani, na akishapata kibali, saa 6 barabarani na mwalimu. Kibali chenyewe lazima akae nacho miezi sita. Katika muda huo mzazi anatakiwa kujaza daftari la mazoezi, jumla ya saa 50, na 15 kati ya hizo ziwe za usiku. Mzazi akihudhuria darasa lililotengwa kwa wazazi, jumla inashuka hadi 40. Siku ya mtihani wa barabarani daftari hilo hukabidhiwa likiwa na sahihi ya mzazi.

Hizo saa za usiku ndizo zilizonifundisha mimi mzazi. Desemba hapa saa kumi na moja jioni ni giza, barabara ina barafu, na kila mtu anakimbilia nyumbani kutoka kazini. Ukikaa kiti cha abiria unaona wazi kwamba shida ya kijana haiko mikononi. Usukani anaumudu ndani ya wiki chache. Kinachochelewa ni jicho: kuona kwamba gari lililosimama kituoni litafunguliwa mlango, kwamba mpira ukiingia barabarani nyuma yake yuko mtoto, kwamba taa iliyokuwa kijani muda mrefu iko karibu kugeuka. Jicho hilo halipatikani darasani. Linakuja kwa kuendesha mara nyingi huku mtu mzima yuko pembeni.

Akifaulu mtihani akiwa na miaka 16, leseni anayopewa bado ni ya muda. Kwa miezi sita ya kwanza haendeshi peke yake kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, isipokuwa anakwenda au anatoka kazini au kwenye shughuli ya shule. Ruhusa ya kubeba wenzake wa chini ya miaka 20 ni kwa mmoja tu, na miezi sita inayofuata wasizidi watatu. Simu haigusi, hata ile ya kuzungumza bila kuishika. Na kwa yeyote wa chini ya miaka 21, pombe ni sifuri kabisa.

Mpango huu wa awamu ulianza New Zealand mwaka 1987. Florida ikaufuata mwaka 1996, na leo kila jimbo la Marekani lina namna yake. Sababu ni vifo. Kwa kila maili inayoendeshwa, vijana wa miaka 16 hadi 19 hupata ajali za kuua karibu mara tatu ya madereva wa miaka 20 na kuendelea. Hatari hupanda usiku, na hupanda tena kila kijana mwenzake anapoongezeka ndani ya gari. Waliotunga sheria waliangalia hali zinazoua, wakaziondoa katika mwaka wa kwanza.

Kinachotutatiza sisi tuliotoka Afrika Mashariki ni abiria. Sheria inaruhusu kubeba ndugu wa familia ya karibu bila kuhesabu, lakini watoto wa mjomba na wa shangazi haiwatambui hivyo. Kwenye shughuli zetu, harusi ikiisha, mzee anaweza kusema, "Mwanangu, wapeleke wenzako nyumbani," na ndani ya gari wakapanda vijana watano. Kumkatalia mzee mbele ya watu ni kazi. Nakataa, kwa sababu najua gari la vijana watano usiku lina kelele kiasi gani, na anayeendesha ni mwanangu.

Sheria hii ina tundu kubwa. Anayeanza akiwa na miaka 18 hawekewi mipaka ya usiku wala ya abiria. Kijana aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, akaletwa Marekani akiwa na miaka 19 bila kuwahi kushika usukani, hupewa uhuru ambao mtoto aliyezaliwa hapa anausubiri mwaka mzima. Kwa wageni kama sisi hilo si dogo.

Lakini nyumbani kijana anayeendesha ni nani? Mara nyingi si binti aliyekalia gari la baba yake. Ni mvulana juu ya pikipiki. Alifundishwa na mwenzake alasiri moja kwenye uwanja wa shule, na wiki hiyohiyo ana abiria nyuma yake. Yote ambayo Minnesota inayazuia ndiyo kazi yake: usiku wa manane, abiria, simu ya mteja inayoita akiwa mwendoni, na siku ya mnada anapiga mishikaki, abiria wawili watatu kwa safari moja. Si ukaidi. Ana hesabu ya bosi ya kupeleka kila siku, na fedha nzuri iko usiku magari yakiadimika.

Hata hivyo, awamu tunazijua tangu zamani. Kijana wa lori alianza utandiboi. Alifunga turubai, aliweka jiwe nyuma ya tairi mlimani, alimwongoza dereva akirudi nyuma. Baadaye aliachiwa kusogeza lori uani, kisha kipande cha tambarare mchana, dereva akiwa pembeni. Wengi walinyonywa, na wengi waliendesha bila leseni, hilo silitetei. Lakini walikuwa na miaka ya kutazama barabara kabla ya kuachiwa. Hata leseni zetu zinakubali jambo hili upande wa mabasi, maana daraja C hapewi mtu asiyekuwa na uzoefu wa madaraja ya chini. Kwa bodaboda, ambako kijana ni mdogo zaidi na abiria hana hata mlango wa kumkinga, hakuna ngazi kama hiyo. Hilo linaniuma.

Huwa naambiwa kwamba kwetu haiwezekani, trafiki hawatoshi. Hata hapa polisi hawasimami kila kona saa sita usiku kuhesabu vijana. Kinachoibeba sheria ni sahihi ya mzazi. Ombi la leseni la mtoto linapita kwake, na hadi mtoto atimize miaka 18 mzazi anaweza kuondoa ridhaa yake na leseni ikafutwa. Kule nyumbani mwenye nafasi hiyo ni mwenye pikipiki. Yeye ndiye anayetoa ufunguo asubuhi na kupokea hesabu jioni. Basi na yeye atie sahihi: kwamba kijana huyu ana lena au leseni, kwamba miezi yake sita ya kwanza atabeba mizigo na si watu, kwamba ikifika saa nne usiku pikipiki iko ndani, na kwamba hesabu yake imepunguzwa kulingana na saa hizo. Nakala ibaki kwa mwenyekiti wa kijiwe, maana yeye anamjua kila anayepaki pale na siku aliyoanza. Ajali ikitokea usiku wa manane ndani ya miezi hiyo, wa kwanza kuitwa kituoni awe aliyetoa ufunguo.