Mapafu Tuliyomtupia Popi

Mwaka 1988 Babati ilikuwa bado Mkoa wa Arusha, nami kila Jumamosi nilimsaidia mjomba kuchinja. Mara kwa mara ng'ombe akipasuliwa mapafu yake yalikuwa na vifuko vyeupe, kimoja kama yai, kingine kama chungwa, vimejaa maji maangavu. "Hayo hayauziki," mjomba alisema. "Mpe Popi." Nami nilimtupia. Popi, mbwa wetu, alikuwa akiijua Jumamosi kuliko sisi.

Mjomba alipoanza kukohoa, makohozi yake yalipimwa kwa hadubini mara tatu, hayakuonyesha kitu. Hata hivyo akaanzishiwa dawa za kifua kikuu. Enzi hizo kikohozi cha miezi kilikuwa na jina moja tu. Alimeza, akachomwa sindano, akakonda. Nyumbani tukamtengea kikombe chake (hilo ndilo linaloniuma zaidi). Usiku mmoja alikohoa maji mengi yenye chumvi, na ndani yake vipande laini kama maganda ya zabibu. Mwili ukamwasha, uso ukavimba.

Alipelekwa hospitali ya KCMC, Moshi. Kwenye picha ya eksirei palionekana kifuko kingine ambacho hakijapasuka: duara jeupe, ukingo wake laini. Daktari aliitazama, kisha akauliza jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameuliza: "Mna mbwa nyumbani?"

Chanzo kilikuwa tegu wa mbwa, mnyoo wa milimita chache tu. Mayai yake hutoka na kinyesi cha mbwa, yakafika majanini, majini, mikononi. Yakimezwa na ng'ombe au mtu, hujenga kifuko kwenye ini au pafu, kikakua kimyakimya kwa miaka. Mbwa akila pafu hilo, mzunguko unaanza upya. Tulikuwa tunamlisha Popi ugonjwa wetu wenyewe. Tena tuliukuta kila mara ndani ya ng'ombe, tukashindwa kuutambua ndani ya mjomba.

Kule Turkana, Kenya, ambako ugonjwa huu ulikithiri, shirika la AMREF lilizunguka kuutafuta kwa mashine za ultrasaundi tangu miaka ya 1980. Ultrasaundi huona vizuri ini, lakini hewa ya mapafu huizuia. Kwa kifua bado eksirei ndiyo tegemeo. Siku hizi kipimo cha GeneXpert husema kwa saa mbili hivi kama kuna kifua kikuu. Kikisema hakuna, hakisemi ni nini. Wala kifuko hakichomwi sindano ovyo, kwani maji yake yakivuja mgonjwa anaweza kufa.

Ukiwa na kikohozi kisichosikia dawa na daktari akasahau kuuliza habari za mbwa, mwambie mwenyewe. Na mapafu yenye vifuko yachome moto.