London, Sisi Wawili na Pikachu
Agosti 2022, London. Likizo yetu ya kwanza tangu harusi, mume wangu eti tukatazame ubingwa wa dunia wa Pokémon, mara ya kwanza kufanyika nje ya Amerika Kaskazini. Nilinuna ndani ya treni ya DLR hadi ukumbi wa ExCeL.

Kumbe! Kwenye Pokémon UNITE ni watano kwa watano, dakika 10 tu, hedifoni masikioni, midomo haitulii: wanaambiana kila kitu. BLVKHVND wakatwaa ubingwa. Nikajiuliza, sisi tuliambiana lini kitu cha maana?

Jioni tulipanda kibanda cha waya juu ya mto Thames, simu tumezima. Mpenzi msomaji, tuliongea mpaka ng'ambo, tukarudi tukiongea.