Kozi Niliyoikata kwa Kalamu

Mwezi uliopita nilikwenda Kilosa kumjulia hali mama. Siku ya kuondoka, mpwa wangu, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa sayansi ya kompyuta, aliniomba nimsindikize hadi kwao Mikumi. Hakuhitaji kusindikizwa, binti huyu anasafiri peke yake tangu alipokuwa kidato cha tano. Alichohitaji ni saa mbili za mazungumzo ambazo mtu mwingine asingeweza kuzikatiza. Basi lilipouacha mji nyuma, akatoa karatasi kwenye mkoba. Ilikuwa orodha ya kozi za hiari za muhula ujao, na mstari mmoja alikuwa ameuzungushia duara: Utangulizi wa Bayofizikia.

"Mjomba," akasema, "mama anasema hii si ya kwetu. Wewe unasemaje?"

Nilikaa kimya mpaka tukapita Ulaya, kile kijiji chetu cha Kilosa, si lile bara. Nilikuwa naufahamu mstari ule. Zaidi ya miaka ishirini iliyopita, nikiwa mwanafunzi wa takwimu, niliuona katika orodha kama ile, nikaukata kwa kalamu.

Ndugu msomaji, mimi si mwanafizikia. Nafundisha sera za umma, na wengi wenu mmezoea kunisoma nikiandika juu ya bajeti na utawala. Lakini nina sababu ya kuikumbuka kozi ile. Mdogo wangu aliyenifuata alizaliwa na selimundu. Nilipokuwa chuoni yeye alikuwa bado shule ya msingi, na kila nilipopokea habari kutoka nyumbani nilisikiliza kwanza kama jina lake limetajwa. Mwalimu wa bayofizikia alikuwa ametangaza kwamba sehemu ya kozi ingehusu damu na himoglobini. Nilitamani kuingia. Mshauri wangu wa masomo akaniuliza swali moja tu: "Ukipata alama mbaya humo, nani atakulipia?" Nikahesabu wastani wa alama zangu, nikachagua kozi niliyojua nitapata A. Nikaipata. Mdogo wangu alifariki kabla sijamaliza shahada.

Sisemi kwamba kozi ya muhula mmoja ingemponya. Nasema nilimzika bila kuelewa kilichomuua, ilhali maelezo yalikuwa yakitolewa katika ukumbi wa pili kutoka wangu.

Nilikuja kuyasoma baadaye, mtu mzima, kwa kujitafutia. Katika selimundu, badiliko dogo la kurithi kwenye himoglobini huzifanya molekuli zake, zikishaachilia oksijeni, zishikamane na kujipanga kama nyuzi. Nyuzi hizo huikunja na kuikakamaza chembe nyekundu ya damu. Chembe iliyo salama hulainika na kupenya mishipa midogo kuliko upana wake. Iliyokakamaa hukwama, na nyuma yake damu husimama. Hapo ndipo maumivu yale huanza. Tena kushikamana huko hakutokei papo hapo: huchukua muda kidogo, na muda huo hutegemea sana himoglobini imesongamana kiasi gani ndani ya chembe. Mwili ukikaukiwa maji, chembe nayo hupoteza maji, msongamano hupanda, muda hufupika. Wauguzi walikuwa wakimwambia mama kila mara: mtoto anywe maji mengi, asipigwe baridi. Tuliyachukua kama maneno ya kawaida ya zahanati, na siku nyingine tuliyapuuza. Kumbe yalikuwa fizikia.

Sasa, mpwa wangu ana kaka mdogo mwenye ugonjwa uleule. Hakunieleza hilo ndani ya basi. Hakuwa na haja. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa idadi ya watoto wanaozaliwa na selimundu, na katika ukoo wetu hiyo si takwimu.

"Si ya kwetu," kwa hiyo, ni kauli inayohitaji kuchunguzwa. Waliotufumbulia ugonjwa huu wenyewe walivuka mipaka ya fani zao. Mwaka 1949 Linus Pauling, mwanakemia wa Marekani, na wenzake walionyesha kwamba himoglobini ya mgonjwa wa selimundu husafiri tofauti na ya mtu mwenye afya inapowekwa katika uga wa umeme. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alichapisha ushahidi kutoka Afrika Mashariki kwamba anayerithi kinasaba hicho kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria. Max Perutz, mwanakemia aliyefanya kazi katika maabara ya fizikia ya Cambridge, alitumia eksirei kuonyesha umbo la himoglobini, na mwaka 1962 akashiriki Tuzo ya Nobel.

Kwetu mtoto hupangiwa mipaka mapema. Baada ya kidato cha nne anapewa herufi tatu, na herufi hizo humfuata hadi kwenye udahili wa chuo kikuu na tangazo la kazi. Mpwa wangu alisoma PCM, kwa hiyo biolojia aliiaga akiwa kidato cha nne. Mwaka 2024 Serikali ilitangaza tahasusi mpya 49, zikaungana na zile 16 za zamani kufikia 65. Ni hatua ya kupongezwa, lakini kuongeza idadi ya vyumba si sawa na kufungua milango kati yake.

Nilimwambia mpwa wangu mambo manne, nami nayaandika hapa kwa ajili ya wanafunzi wengine wenye duara kama lile kwenye karatasi zao.

Kwanza, usichague kwa jina la kozi. Soma kozi tangulizi zinazodaiwa. Anayetoka kompyuta au hisabati hupungukiwa biolojia ya seli na kemia. Anayetoka biolojia au kilimo hupungukiwa kalkulasi, mekanika na thamodinamiki. Jua pengo lako ni lipi kabla ya kujiandikisha, na kama ni kubwa, chukua kwanza kozi ya kuliziba.

Pili, kaa darasani wiki mbili za mwanzo, kabla dirisha la kubadili kozi halijafungwa. Muulize mwalimu anatahini vipi, na amepata kuwafundisha wanafunzi wa fani nyingine.

Tatu, anza na kozi moja. Ukitaka kujithibitisha kwa kozi tatu kwa mpigo, utaumia, na mwenye mkopo hana nafasi ya kurudia mwaka.

Nne, nenda na swali lako mwenyewe. Mwenye swali huvumilia hata hesabu ngumu; aliyefuata jina zuri hukata tamaa wiki ya tano.

Tulifika Mikumi jioni. Nilimwamkia dada yangu, tukala, na watoto walipokwenda kulala akanigeukia. "Umemwambia nini huyu? Kozi hiyo itampa ajira?"

Sikuwa na jibu la kumridhisha, na sikumdanganya. Kaka yangu, dada yangu mtumishi wa umma unayesoma haya, swali lile ni lako pia. Matangazo ya kazi yanataja majina ya shahada, na miundo ya utumishi haioni kozi ambayo haimo katika jina. Mzazi anayeogopa kozi ya pembeni si mjinga. Ameusoma mfumo vizuri. Pendekezo langu ni dogo. Kila mwanafunzi aruhusiwe kozi moja nje ya fani yake, ihesabiwe kwa kufaulu au kutofaulu tu, isiguse wastani wa alama. Haidai jengo jipya. Ingemwondolea kijana wa miaka ishirini na moja hesabu ile niliyoifanya mimi kwa kalamu mkononi.

Asubuhi nilipanda basi la Morogoro. Barabara kuu hupita katikati ya hifadhi, na basi lilipopunguza mwendo niliona twiga wanne karibu na lami. Moyo wa twiga husukuma damu kwa shinikizo lipatalo mara mbili ya letu ili ifike kichwani. Ukiifuata barabara hiyohiyo upande wa pili unafika Iringa. Huko ndiko Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi wa Mkwawa, alimuuliza mhadhiri Denis Osborne kwa nini maji ya moto yanaweza kuganda kabla ya yale ya baridi. Wenzake walimcheka. Mwaka 1969 yeye na Osborne walichapisha makala juu ya swali hilo, na wanafizikia wanabishana juu yake hadi leo. Wakati huo Mpemba alikuwa Chuo cha Mweka, akisomea usimamizi wa wanyamapori. Hakuna aliyemwambia kwamba maji si ya kwao. Au kama aliambiwa, hakusikia.

Juzi nimepata ujumbe kutoka kwa mpwa wangu. "Mjomba shikamoo. Nimejisajili. Mama amekubali kwa shingo upande. Hesabu zake ngumu, nahitaji msaada wa kemia. Lakini jana nilimpigia simu mdogo wangu nikamweleza kwa nini lazima abebe chupa ya maji shuleni. Ameuliza maswali mengi, mengine sikuyaweza."