Hisa Elfu Nne na Simu Moja

Jumapili moja mwanzoni mwa 2024, mama aliniuliza swali nililokuwa nalikimbia kwa miaka mitano. Tulikuwa tumekaa nje ya nyumba yetu Buzuruga, yeye akichambua dagaa kwenye ungo, mimi nikichezea simu. Barabarani makonda wa daladala walikuwa wanaita abiria wa Igoma. Bila kuinua kichwa akasema, "Baba, zile hisa zako za benki zimefikia bei gani siku hizi?"

Bei nilikuwa naijua. Nilikuwa naichungulia karibu kila wiki, kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya mchumba aliyemwacha mwenyewe.

"Mia nne na kitu, mama."

Akacheka. "Na mimi nilinunua kwa mia na hamsini!"

Sikumwambia kwamba sikuwa nazo tena.

Hisa zenyewe zilikuwa za CRDB. Benki hiyo ilipouza hisa kwa umma mwaka 2009, bei ilikuwa shilingi 150 kwa hisa moja. Mama aliishia darasa la saba, na kazi yake ni kuuza dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Hakusoma taarifa yoyote ya fedha. Alichojua ni kwamba kila akienda benki kuweka pesa za mauzo anakuta foleni. "Kama kipande cha foleni ile kitakuwa changu," alisema, "nitasimama bila kulalamika." Akatoa 600,000, akapata hisa 4,000, akaziandikisha kwa jina langu. Nilikuwa na miaka 12. Mwaka ule nilitaka baiskeli.

Miaka kumi baadaye nilikuwa mwaka wa tatu chuoni, na hisa moja ilikuwa inauzwa shilingi 95 hivi. Alichonunua mama kwa laki sita sasa kilikuwa laki tatu na themanini. Rafiki yangu mmoja aliyejiona mtaalamu wa uchumi aliniambia, "Hizo zimeoza. Toka kabla hazijafika sifuri." Wakati huohuo, kwenye duka moja mjini kulikuwa na simu yenye kamera tatu, shilingi 450,000. Wenzangu wawili walikuwa nayo. Nikajaza fomu, nikaituma kwa dalali wa hisa Dar es Salaam, nikasubiri wiki kadhaa mpaka akapatikana mnunuzi. Baada ya makato nikapata kama 372,000. Nikaongezea fedha ya bumu, nikanunua simu.

Nikwambie ukweli: siku ile nilijiona mjanja. Nilikuwa nimeokoa pesa kwenye moto na kupata kitu ninachoweza kukishika.

Simu ilidumu miezi 26. Kioo kilipasuka mara mbili. Betri ikaanza kuvimba, na fundi wa pale karibu na stendi ya Buzuruga akaniambia kwa upole kwamba kuitengeneza kungenigharimu kuliko kununua nyingine iliyotumika. Ukigawa 450,000 kwa miezi 26 unapata zaidi kidogo ya 17,000 kwa mwezi. Kama shilingi 570 kila siku, na sehemu kubwa ya siku hizo nilikuwa natazama picha za watu waliokuwa na simu mpya kuliko yangu.

Baada ya kuanza kazi ndipo nilipomsoma Benjamin Graham. Alizaliwa London mwaka 1894, akakulia Marekani, akapoteza fedha nyingi soko la hisa lilipoanguka mwaka 1929. Mwaka 1949 akatoa kitabu kinachoitwa The Intelligent Investor. Warren Buffett alikuwa mwanafunzi wake. Humo Graham anamweleza Bwana Soko, mbia wako wa kufikirika katika biashara, anayekuja kila siku kukutajia bei. Leo ana furaha, anataja bei ya juu. Kesho ana huzuni, anataka kukuuzia sehemu yake kwa bei ya kutupa. Huna lazima ya kumsikiliza. Unaweza kumwambia kesho njoo tena, na atakuja. Kosa ni kumwacha yeye akuambie mali yako ina thamani gani.

Nilifunga kitabu nikakaa kimya. Mimi nilikuwa nimekutana na Bwana Soko siku aliyoamka vibaya, nikamkabidhi mali ya mama yangu.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba hesabu haikuwa ngumu. Faida ya benki ile kwa mwaka 2018 ilikuwa takribani shilingi bilioni 64, na hisa zote ni kama bilioni 2.6. Gawanya: kila hisa ilikuwa imeingiza shilingi 24 hivi kwa mwaka mmoja. Mimi nikaiuza kwa 95. Ni sawa na kumiliki bodaboda inayokuletea 24,000 kila mwaka halafu ukaiuza kwa 95,000 kwa sababu jirani kasema bodaboda zimeshuka bei. Sikuuliza chombo kinaingiza nini. Niliuliza tu watu wanasemaje.

Kisha yakaja magawio. Kwa mwaka 2019 lilikuwa shilingi 17 kwa hisa, kwa 2020 shilingi 22, kwa 2021 shilingi 36, kwa 2022 shilingi 45. Jumla 120. Zidisha kwa hisa 4,000: laki nne na elfu themanini. Toa kodi ya zuio ya asilimia 5, inabaki 456,000. Soma tena namba hiyo. Gawio peke yake, ndani ya miaka minne, lingenunua simu ileile, chenji ya elfu sita ikabaki, na hisa zote zikawa bado zangu.

Nilidhani nimejifunza jambo hili kwa Mmarekani. Siku moja nikamsindikiza mama Mwaloni, nikagundua nimelala nalo nyumba moja tangu nizaliwe.

Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa. Giza likiwa nene, wanaifuata taa, wavuvi wanajaza mitumbwi na bei inashuka. Mbalamwezi ikiwaka, taa haina nguvu, wavuvi wengi wanapumzika na bei inapanda. Mama hununua gizani. Wauzaji wakihangaika kuondoa mzigo, yeye ndiye anayefungua pochi. Bei ikipanda anauza taratibu, wala haoni ajabu. Kwake bei ni habari za mwezi na mvua, siyo habari za dagaa. Dagaa ni walewale.

Lakini siku hiyohiyo nilimwona akikataa magunia ambayo yangemgharimu karibu nusu ya bei ya mengine. Nikamuuliza kwa nini. Akachota kiganja, akasugua, akanionyesha mchanga. "Hawa wameanikwa chini. Wale wameanikwa kwenye vichanja. Hawa ni wa kuku, baba. Rahisi kwake ni kwa sababu yake."

Hapo ndipo wengi wetu tunaosoma makala mbili za uwekezaji tunapoteleza. Tukisikia kwamba wawekezaji wa thamani hununua kilichoshuka, tunadhani kila kilichoshuka kina thamani. Hata pale Soko la Hisa la Dar es Salaam zimo kampuni ambazo hisa zake zimekaa chini miaka na miaka, na bei yake ndiyo inayozistahili. Tofauti kati ya bahati na mtego haimo kwenye bei. Lazima uchote, usugue, uone kama kuna mchanga. Na hata ukiona hakuna, nunua kwa bei inayokuachia nafasi ya kukosea. Mama huhesabu kila gunia kana kwamba sehemu yake itanyeshewa mvua njiani. Isiponyesha, hiyo ni ziada.

Usidhani mama ni bahili. Ana kitochi alichonunua zamani na hana mpango wa kukibadilisha, ila turubai lake la kufunika mzigo ni la bei kubwa kuliko la mtu yeyote katika mstari wao. Nilipomwambia ameibiwa, alinijibu kwa swali: "Limefunika misimu mingapi?" Buffett naye, pamoja na utajiri wake wote, anaishi Omaha katika nyumba aliyoinunua mwaka 1958 kwa dola 31,500. Watu huisimulia habari hiyo kama kisa cha ubahili. Mimi naona ni swali lilelile la turubai. Hakuna aliyesema simu ya bei kubwa ni dhambi. Fundi wa picha za harusi akinunua ile simu yangu ya kamera tatu, pengine inajilipa ndani ya mwezi. Mimi sikuwa na kazi ya kuipa. Niliinunua ili ionekane.

Turudi ile Jumapili. Mama aliweka ungo chini, akaeleza kwa nini ameuliza. Macho. Alikuwa na mtoto wa jicho, la kushoto lilikuwa limeshaingia ukungu, na hospitali walimwambia afanyiwe upasuaji. Ndiyo maana siku hizi alikuwa anachambua dagaa kwa vidole zaidi kuliko kwa macho. Sikuwa nimeona. "Uza nusu tu," alisema. "Nusu nyingine ibaki kwa wanao."

Nikamwambia yote: dalali, ile 95, kamera tatu, betri iliyovimba. Alinyamaza muda mrefu. Basi moja likapita likipiga honi. Kisha akauliza, "Hiyo simu iko wapi?"

"Kwenye droo."

"Ilete."

Nikaileta. Akaigeuzageuza karibu na jicho lake zima, akaipima uzito mkononi kama anavyopima kila kitu, akanirudishia. Hakunigombeza. Alisema tu, "Ningeijua bei yake, ningekupa hela, hisa zikabaki." Ningetamani angenigombeza.

Nilikopa kwenye kikoba cha kazini. Upasuaji ukafanyika, ukaenda salama, na deni nikalilipa kwa miezi kumi. Mwezi wa kumi na moja nilitaka kurudi sokoni kwa fujo, ninunue hisa 4,000 kwa mpigo, hata kwa mkopo mwingine, ili nizibe aibu. Mama akanizuia. "Gunia lililokupita siyo deni. Nunua la leo kwa hesabu ya leo."

Basi nanunua kidogokidogo, nikiwa nimesoma kwanza taarifa za mwaka, kupitia simu iliyotumika niliyoinunua kwa fundi yuleyule wa stendi. Kabla ya kutoa pesa kwa kitu chochote, hisa au viatu, najiuliza kitanifanyia nini na kwa misimu mingapi. Mara nyingine jibu linanikatalia. Mara nyingine natoa bei kamili bila kinyongo.

Mama amerudi kuchambua dagaa kwa macho. Jioni hutenga wenye mchanga pembeni, kwa ajili ya kuku wa jirani. Ile simu mbovu bado iko kwenye droo. Wapo wanaonunua simu mbovu kwa ajili ya vipuri, na mmoja aliniahidi elfu kumi na tano. Sijaiuza.