Kodi ya Gesi na Moshi wa Jikoni

Kila mwaka bajeti ya serikali inaposomwa, mimi huwataka wanafunzi wangu waitafute afya ndani yake. Wengi hukimbilia fungu la Wizara ya Afya: hospitali, dawa, mishahara ya wauguzi. Wachache hutazama sehemu ya kodi, ilhali huko nako afya ya watu huamuliwa.

Tutazame gesi ya kupikia nchini Kenya. Mwaka 2016 iliondolewa Kodi ya Ongezeko la Thamani. Julai 2021 kodi hiyo ilirejeshwa kwa asilimia 16, Julai 2022 ikashushwa hadi asilimia 8, na Julai 2023 ikaondolewa tena. Sera moja iligeuka mara nne katika miaka saba. Katika mijadala niliyoifuatilia, nilisikia mengi kuhusu mapato ya Hazina na gharama ya maisha; habari za mapafu nilizisikia kwa nadra.

Shangazi yangu alikuwa ameanza kuizoea gesi. Kodi iliporejeshwa, alilirudia jiko la makaa. Nilipomuuliza sababu, alinijibu, "Mwanangu, makaa nitanunua mkebe mmoja nipike leo. Mtungi unataka fedha zote kwa mkupuo." Siwezi kuapa kwamba kikohozi chake cha alfajiri kilitokana na moshi ule. Ninalolijua ni kwamba Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, vikiwamo vya watoto zaidi ya 237,000 wenye umri wa chini ya miaka 5.

Hoja ya Hazina naielewa: hospitali zenyewe huendeshwa kwa kodi. Lakini shilingi inayokusanywa kwenye mtungi yaweza kutumika yote, na zaidi, katika wodi ya magonjwa ya kifua. Hesabu isiyoandika upande huo haijakamilika.

Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 inamtaka mwenye mradi mkubwa afanye tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kujenga. Kwa nini muswada unaogusa kila jiko usidaiwe tathmini ya athari kwa afya, ilhali Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa? Wazo hili si geni. Finland ililipigania mwaka 2006 ilipokuwa mwenyekiti wa Umoja wa Ulaya, kwa jina la afya katika sera zote.

Ninyi watumishi wa umma ndio mnaoandaa rasimu. Ongezeni ukurasa mmoja unaosema nani ataugua na nani atanusurika. Nanyi wanafunzi na wanaharakati, muswada wa fedha unapoletwa kwa wananchi watoe maoni, uulizieni ukurasa huo kabla ya kuuliza jambo jingine lolote.