Kivuli cha Saa Tisa

Watu hudhani bustani iliyokomaa haina kazi. Miti ishakua, ua wa kayaba umeziba, nyasi zimeshika, kilichobaki ni kuketi na kikombe cha chai. Wapi! Bustani changa unaipanda, lakini iliyokomaa unaipunguza. Unakata matawi, unang'oa miche iliyojiotea, unachota majani, na kesho unaanza upya.

Yetu iko Kileleshwa, nyuma ya nyumba aliyoijenga guka. Ina jakaranda moja, avokado mbili, bogenvilia iliyopanda hadi kwenye paa, na katikati kidimbwi cha lita kama 6,000 chenye samaki wanne wa koi. Guka aliwanunua mwaka wa 1999 wakiwa saizi ya kidole. Alipofariki, mimi ndiye niliyekuwa nimeacha chuo na ninaandikia nyumbani, kwa hivyo familia ikaamua samaki ni wangu. Hakuna aliyeniuliza.

Koi ni wa ukoo wa kapi, samaki wa kawaida tu. Wakulima wa mpunga wa Niigata, Japani, ndio walioanza kuwazalisha kwa ajili ya rangi mapema katika karne ya 19, na mwaka wa 1914 walipoonyeshwa kwenye maonyesho makubwa Tokyo, nchi nzima ikawajua. Akitunzwa vizuri, koi anaweza kupita miaka 30. Mzee anayenunua koi wachanga anamnunulia mtu mwingine kazi.

Kuwalisha ni rahisi: chakula cha kumalizwa kwa dakika tano, basi. Kibarua ni maji. Samaki hutoa amonia, na amonia ni sumu kwao wenyewe. Kwenye chujio kunaishi bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu, halafu wengine wanaigeuza kuwa nitrati, ambayo haina makali sana. Ndiyo maana chujio haliogeshwi kwa maji ya mfereji. Klorini ya kusafisha maji yetu ya kunywa huua bakteria hao, nawe utabaki na chujio safi na samaki wagonjwa. Nalisuuza kwa maji ya kidimbwi chenyewe.

Oktoba watu wa Nairobi hupiga picha za jakaranda. Mimi niko na wavu. Maua yale yakizama yanaoza, na yakioza yanakula oksijeni. Stima ikipotea usiku pampu inazima, na kabla ya mapambazuko ndipo oksijeni huwa chini kabisa. Naamka, nateka maji kwa jagi na kuyamwaga kutoka juu ili yashike hewa, tena na tena, mpaka stima irudi. Mkono unauma vibaya.

Hayo yote guka aliyajua. Asichokijua ni floti.

Plot ya jirani ilikuwa na bangalo kama letu. Sasa kuna orofa 12, upande wa magharibi. Jua letu linaisha saa tisa alasiri. Nyasi zimekonda, na mawaridi ya shosho yanatoa majani bila maua. Wakati wa mjengo, mvua kubwa ilipitisha maji meupe ya simiti chini ya ukuta hadi kidimbwini. Simiti hupandisha pH, na pH ikipanda amonia iliyomo majini huwa kali zaidi. Siku hizo samaki walikuwa watano. Nilibadilisha maji kidogo kidogo kwa siku mbili, kwa yale yaliyokuwa yamelala kwenye tenki, lakini mmoja akaenda. Nilipomweleza msimamizi wa mjengo alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Pole boss. Si ni samaki tu?"

Maanko zangu wanataka kuuza. Siwalaumu. Tuna nusu ekari, na kwa bei za huku sehemu yangu ingetosha kunirudisha chuo na kodi ya miaka kadhaa juu yake. Anko mmoja hunitumia picha za floti mpya, usiku, bila maneno. Desemba tutakaa kikao.

Shosho hajasema ndiyo wala hapana. Juzi nilikuwa nikifunga nyuzi za nailoni juu ya maji kuzuia korongo, akatoka na fimbo yake, akasimama.

"Ukirudi shule, hawa utawaachia nani?"

"Wanaweza kuhamishwa, shosho. Kuna watu wanafuga."

"Na kivuli?"

Nilinyamaza. Samaki unaweza kuwasafirisha kwenye tenki, chujio likiwa bichi ili bakteria wasife. Bogenvilia unakata kipande unapanda kwingine. Jakaranda ya guka haina gari la kuibeba, na hata ukipanda nyingine leo, utaingoja miaka mingi kabla ya kuketi chini yake.

Sijui nitapiga kura gani. Kwa sasa nimenunua daftari, naandika kila kitu: lini kusuuza chujio, tawi gani likatwe kabla ya mvua, samaki yupi hula wa mwisho na anahitaji kungojwa. Kama ni mnunuzi, kama ni binamu, kama ni mimi mwenyewe baada ya miaka kumi, atakayekuja asianzie sufuri.

Yule anayekula wa mwisho ni mweupe mwenye doa jekundu mgongoni. Guka hakuwahi kumpa jina, nami sijampa.