Mnyoo Chini ya Mibuyu

Maji yalikuwa ya bamvua. Ilipokaribia saa nne asubuhi bahari ilikuwa imekupwa, na miamba ya Mama Ngina ikabaki wazi, yenye kuteleza kwa mwani. Juu, chini ya mibuyu, wachuuzi wa madafu na mihogo walikuwa ndio kwanza wanapanga biashara. Binti mmoja, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, aliteremka nyuma ya babu yake. Mkobani alibeba kikombe, chupa ya spiriti na ripoti iliyorudishwa na mhadhiri. Pambizoni mliandikwa kwa wino mwekundu neno moja: "Umejuaje?"

Ndani ya ripoti hiyo alimwita kiumbe wake jongoo bahari mchanga. Kosa lenyewe si la kustaajabisha. Sipunkula akishtuka hujikunyata akawa kidonge kigumu mithili ya njugu, na ndiko Waingereza walikotoa jina lake. Mwandishi wa bara angemwita mnyoo karanga. Mombasa, ambako karanga ni njugu, jina hilo lingezua mjadala wake.

"Ulipomshika ulimpa muda?" Babu aliuliza.

"La, Babu. Nilimtia spiriti papo hapo."

"Basi ulimuua kabla hajajitambulisha."

Mzee, mvuvi wa mshipi tangu ujana, alikataa mwamba usiguswe kwa nyundo. Aliokota bonge la tumbawe mfu lililokwisha kung'olewa na mawimbi, akalipasua. Kiumbe alikuwa ndani ya tundu lililomkaa kama ala na kisu. Wakamtia kikombeni katika maji ya bahari, wakangoja. Binti alitazama saa yake mara tatu.

Hatimaye mkonga ukachomoza, ukijifunua ndani nje kama soksi, na nchani mwake mkatokea minyiri midogo. Mwili haukuwa na pingili wala vinywele vigumu kama vya minyoo wengi wa pwani, ijapokuwa uchunguzi wa DNA wa karne hii umemweka katika ukoo wao. Zamani alihesabiwa kuwa faila peke yake. Wala hakuwa na miguu ya mirija ya jongoo bahari. Tundu lake la haja halikuwa mkiani bali mgongoni, karibu na shina la mkonga, kwani utumbo wake hushuka, ukajisokota, ukarudi juu.

"Nyumba ya mlango mmoja," Babu alisema. "Angefanyaje?"

Mbele ya kiwiliwili palikuwa na ngao bapa, ngumu, ya kuzibia mlango huo. Hiyo ndiyo alama ya Aspidosiphon. Sipunculus nudus, mkaa mchangani, hana ngao. Ngozi yake ina miraba midogo kama ubao wa drafti.

Ilibaki spishi. Kuithibitisha kungetaka apasuliwe na misuli ivutayo mkonga ichunguzwe, na waliyempata ni huyo mmoja. Chupa ya spiriti ilikuwa imekwisha kufunguliwa. Binti aliitazama, akamtazama Babu, ambaye hakusema neno. Akaifunga. Akachora alichokiona kwa mpangilio alivyokiona, na mbele ya neno "spishi" akaacha nafasi tupu, akijua fika kwamba huenda ikamgharimu alama.

Honi ya feri ililia upande wa Likoni. Maji yalikuwa yameanza kurudi, yakiwafika vifundoni, na Babu alikuwa ameinama akitafuta ufa wa kumwagia kikombe.